Magurudumu ya Masika: Shajara ya Mradi, Mabogini hadi Moshi Mjini

Februari, kabla ya mvua

Kazi iliyo mbele yetu ni kuziandaa baiskeli za kikundi cha wabeba mizigo wa Mabogini na Chekereni ili zivuke masika bila gurudumu kumfia mtu njiani. Wenye baiskeli hizi hubeba mpunga, mboga, maziwa na majani ya ng'ombe. Wanatokea kwenye kingo za mifereji ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ile iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, wanashika barabara ya moramu, kisha lami yenye viraka mpaka mjini. Benchi langu liko Pasua, njiani kwao, kwa hiyo kila kinachovunjika huletwa kwangu.

Masika yaliyopita yaliniachia rundo la rimu zilizopinda nyuma ya banda, na rundo lile liliniuma. Fedha ya rimu na spoki zake ndiyo hiyo hiyo fedha ya madaftari ya watoto, na siku baiskeli inapolala kwa fundi, mzigo nao unalala shambani. Wanakikundi wamekuwa wakichangishana kidogo kidogo tangu Januari. Tumenunua spoki kwa jumla, kopo la grisi na spana za spoki. Stendi ya kunyooshea magurudumu nimeichomelea mwenyewe kwa foki mbili kuukuu.

Kabla ya kugusa baiskeli ya mtu, nimelitandaza rundo lote chini ya mwarobaini na kulichambua. Mtu akileta gurudumu lililopinda husema, "Fundi, nimeingia shimoni." Ni kweli, mashimo yapo, na yanajulikana kwa majina. Lakini rimu iliyopigwa na shimo ina alama yake: kingo zote mbili zimebonyea mahali pamoja, na ukipitisha kidole unalikuta bonde. Za namba hiyo zilikuwa chache kwenye rundo langu. Zilizobaki hazina bonde lolote. Zimepinda ubavu, na ukifuatilia unakuta spoki tatu au nne za upande mmoja zimekatika, karibu zote shingoni, pale zinapojikunja kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Na karibu zote ni magurudumu ya nyuma.

Hapo mradi ukapata mwelekeo. Lawama tunazitupia shimo, lakini gurudumu lilishaanza kufa wiki nyingi kabla, siku spoki zake zilipolegea na hakuna aliyezigusa.

Nieleze kinachotokea, maana ndicho msingi wa kila nitakachofanya mpaka mvua zikatike. Spoki ni waya. Haiwezi kusukuma, inavuta tu. Zote kwa pamoja zinaivuta rimu kuelekea kwenye habu, na mvutano huo ndio nguvu ya gurudumu. Uzito ukishuka, spoki zilizo chini, jirani na ardhi, hupungukiwa mvuto kidogo, na gurudumu likizunguka hurudishiwa. Tairi la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2, kwa hiyo katika kilomita moja kila spoki hupungukiwa na kurudishiwa mara 450 hivi. Iliyokazwa vizuri huwa na akiba, hupungukiwa lakini haiishiwi. Iliyolegea huishiwa kabisa, ikacheza kwenye tundu lake, shingo ikakunjwa na kukunjuliwa, mpaka inakatika kama waya wa uzio unaovunjwa kwa mikono. Barabara mbovu huongeza ukubwa wa kila kishindo. Ikishakatika moja, rimu inavutwa upande wa pili, zilizo jirani yake zinabebeshwa zaidi, nazo zinafuata.

Barabara hatuwezi kuitengeneza kikundi peke yetu. Mvutano wa spoki tunaweza.

Machi mwanzoni: ukaguzi

Baiskeli zinaletwa kwa zamu, jioni, baada ya kazi. Nyingi ni Phoenix za Kichina na zile nyeusi za Kihindi, tairi 28 x 1½, breki za kuvutwa kwa vyuma badala ya waya. Chache ni za mitumba, za inchi 26 zenye gia. Matairi ya aina hizi mbili hayabadilishani. Tairi la 28 x 1½ linakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635, la 26 la baiskeli za milimani linakaa kwenye 559. Halafu kuna matairi mengine yanayoitwa 28 vilevile, ila ni ya 622, na mtu ameshayanunua akaja kung'ang'ana nayo kwa bisibisi mpaka akatoboa tyubu. Namba iko ubavuni mwa tairi, imeandikwa 40-635 au 37-622. Isome kabla hujalipa.

Ukaguzi wenyewe ni mwepesi. Baiskeli inageuzwa juu chini, gurudumu linazungushwa polepole, nami nashika chaki, mkono nimeuegemeza kwenye fremu usitikisike. Rimu inapoyumba kuja upande wangu inajichora yenyewe. Halafu nageuza upande wa pili. Mwisho naishika spoki moja moja kwa vidole, nione ipi ngumu na ipi imelala. Kwa nyingi, gurudumu la mbele lilikuwa na nafuu. Nyuma ndiko kwenye karia, ndiko kwenye gunia, ndiko kwenye cheni.

Mzee mmoja wa majani ya ng'ombe alifika akiikokota ya kwake.

"Shikamoo Meku."

"Marahaba. Fundi, hili la nyuma linanikatia spoki upande uleule. Nabadilisha hii, kesho inakatika ile."

"Na huwa unabadilishia wapi?"

"Popote ilipokatikia."

Jibu lake lilikuwa limeandikwa kwenye gurudumu. Nilikuta spoki za unene wa aina tatu, zimetiwa na mafundi tofauti, kila mmoja akiziba pengo lililokuwa mbele yake. Nilipoivua moja mpya, shingo yake ilikuwa inacheza ndani ya tundu la habu. Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: kwenye geji, yaani namba ya unene wa spoki, namba ikipanda unene unashuka. Spoki ya geji 14 ina milimita 2.0, ya geji 13 ina 2.3 hivi. Habu ya Meku ilitobolewa kwa spoki nene, na miaka ya mizigo imezidi kuyapanua matundu, moja limekuwa yai kabisa. Ukiingiza 14 humo, shingo haina pa kuegemea. Utaikaza unavyoweza, bado itacheza, na ikicheza itakatika.

Dawa ni mbili, nimezitumia zote. Kwanza, spoki zote za upande ule zimetoka, zikaingia za geji 13 mpya tupu. Pili, chini ya kila kichwa cha spoki nimeweka washa ndogo, ili kichwa kivutwe ndani na shingo ilale kwenye chuma cha habu. Ni kazi ya kuumiza macho, washa zenyewe hazishikiki, lakini ukimaliza unaona shingo zote zimelala sawa, hakuna iliyosimama kando.

Kupata geji 13 kulihitaji maneno. Mangi wa duka la spea upande wa Mbuyuni alinitazama kwa huruma.

"Za 14 ndizo zinazotoka, fundi. Za 13 ataninunulia nani?"

"Kikundi kizima, Mangi. Leta boksi, tunalimaliza."

Ameleta. Ninamshukuru, maana angeweza kunipa 14 na kuniambia ni hizo hizo.

Urefu nao usidharauliwe. Spoki ndefu hupenya juu ya nati yake, ncha ikaingia upande wa tyubu. Mtu ataziba pancha mpaka achoke, na tundu litarudi palepale, upande wa ndani wa tyubu, si wa nje unaogusa tairi. Ukiona hivyo acha kutafuta mwiba barabarani, vua mkanda wa rimu. Ncha zote zilizochomoza nimezikata na kuzipiga tupa, kisha nikazungushia mkanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Spoki fupi nayo ina balaa lake: haijazi nati, na nati inakatika kichwa kwenye kishindo cha kwanza.

Machi katikati: kukaza

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa sababu haionekani kwa macho. Mteja anaona rimu inazunguka imenyooka, anatoa hela, anaondoka. Gurudumu linaweza kunyooka kabisa huku nusu ya spoki zake zimelala. Litanyooka hivyo hivyo mpaka kalavati la kwanza.

Ninaanza na tone la mafuta kwenye kila nati, hasa kwa magurudumu ya zamani ambayo kutu imeshika. Halafu nashughulikia urefu: kama rimu ina mahali inapopanda na kushuka, hapo kwanza. Kisha mayumbo ya ubavu. Kisha natazama kama rimu imekaa katikati ya foki. Ninakwenda robo mzunguko wa spana kila mara, sizidi. Rimu ikiegemea kulia, nakaza kidogo za kushoto na kulegeza kidogo za kulia mahali hapo. Ukikaza tu bila kulegeza popote, utainyoosha ubavu huku unaichimbia bonde.

Rimu za chuma zenye bonde hasa zinarudi, zikitendewa kwa subira. Nalegeza spoki za eneo lile zote, naweka rimu juu ya gogo la mti mgumu, na kigongo kingine cha mti ndani, halafu nyundo inapiga mti, haipigi rimu. Kingo zinafunguliwa kwa koleo iliyovikwa kitambaa. Haitakuwa mpya, lakini tairi litakaa na breki haitagonga.

Ikishanyooka ndipo inakuja kazi ya masikio. Kijana anayejifunza ufundi kwangu anaimba besi kwenye kwaya ya vijana ya kanisa la Kilutheri. Nilimwonyesha kuipiga spoki kwa ukucha, katikati, na kusikiliza. Spoki za urefu mmoja na unene mmoja, zikiwa na mvuto mmoja, hutoa sauti moja. Iliyolegea inashuka sauti. Alizunguka gurudumu la nyuma la mama mmoja wa mboga, akafumba macho, akaipiga moja baada ya nyingine, ghafla akasimama: "Hii imeshuka, fundi. Na hii. Hii ya hapa imepanda sana." Tukaweka chaki kwenye kila moja aliyoitaja. Nilipozishika, alikuwa hakukosea hata moja. Mimi nilikuwa natumia vidole miaka yote, na vidole vyangu vina sugu. Sikio lake linapata tofauti ambayo vidole vyangu haviipati. Tangu siku hiyo kusikiliza ni kazi yake na kukaza ni kazi yangu, ingawa nimemwambia ifikapo Juni atafanya vyote.

Jambo moja la kuzingatia kwenye baiskeli za gia: usilinganishe kulia na kushoto. Upande wa friwili, yaani meno ya cheni ya nyuma, spoki zimesimama zaidi, kwa sababu rimu lazima ikae katikati ya fremu wakati habu imesogezwa kupisha gia, kwa hiyo zinavutwa zaidi na sauti yao iko juu. Linganisha upande na upande wake. Na ndiyo maana upande huo ndio unaokatika mara nyingi, halafu ndio mgumu kuubadilisha, maana friwili inakuzuia kuitoa spoki.

Kazi ya mwisho kabla gurudumu halijaondoka stendi ni kuzibana. Nashika spoki mbili zinazokwenda sambamba kwa kila mkono na kuzibana kwa viganja kwa nguvu zote, nazunguka gurudumu lote hivyo. Utasikia milio midogo: ni spoki zilizojipinda wakati wa kukazwa, sasa zinajinyoosha, na shingo zinakaa mahali pake. Ukiruka hatua hii, milio hiyo itasikika barabarani, na gurudumu ulilolinyoosha litarudi limeyumba ndani ya wiki. Baada ya kubana nanyoosha tena kidogo, nabana tena, mpaka haliyumbi.

Kijana aliniuliza kwa nini spoki hazitoki habu moja kwa moja kwenda kwenye rimu, zinakwenda mshazari na kupishana. Swali zuri. Baiskeli za mwanzo zilikuwa na spoki za moja kwa moja. Mpangilio wa mshazari ulisajiliwa na James Starley wa Coventry, Uingereza, mwaka 1874. Mguu ukikanyaga pedali, cheni inaipinda habu mbele huku rimu inashikwa na ardhi. Spoki ya mshazari inavuta msokoto huo kwa urefu wake, iliyonyooka ingekunjwa shingo. Gunia likiwa nyuma na kilima kiko mbele, ndipo utaelewa alichokuwa anawaza.

Machi mwishoni

Mvua imeanza. Baiskeli zote zilizo kwenye orodha zimepita benchini isipokuwa mbili za wenzetu wa Chekereni ambao daraja lao la miti limefunikwa na maji.

Aprili mwanzoni: pancha za matundu mawili

Spoki zinashika. Lakini zimeanza kuja pancha za aina moja, matundu mawili madogo yanayotazamana, kila moja upande wake wa tyubu. Hiyo si miiba ya migunga, hiyo ni rimu. Tairi likiwa na upepo kidogo, baiskeli ikigonga ukingo, tairi linabonyea mpaka chini na kingo mbili za rimu zinaibana tyubu dhidi ya jiwe. Safari hiyo ni tyubu, safari nyingine ni rimu yenyewe.

Na ukingo tunaoufahamu ni mmoja: mdomo wa kalavati baada ya mashamba ya mpunga, ambako maji yamekula moramu na zege limebaki limesimama uchi. Maji yakiwa juu hulioni. Unaliona kwa meno.

Wenye baiskeli nyeusi hawana namna ya kupima upepo. Valvu zao ni zile zenye kampira kadogo ndani, na kipimo hakisomi vizuri kupitia kampira hako. Wengi hubonyeza kwa dole gumba, wakiwa hawajapakia. Tairi ambalo ni gumu kwa dole gumba likiwa tupu, si gumu likiwekewa gunia. Kwa hiyo tumekubaliana kupima mzigo ukiwa juu. Mtu mmoja anaishikilia baiskeli ikiwa imepakiwa, mwingine anaweka rula kutoka ardhini hadi ukingo wa rimu, pale tairi linapogusa ardhi, kisha juu upande wa pili ambako halijakandamizwa. Tairi la unene wa kama milimita 38 likishuka milimita 5 au 6 limekaa vizuri. Likishuka zaidi, ongeza pampu. Lisiposhuka kabisa, limejaa kupita kiasi, na kila kishindo kinaingia spokini bila kupunguzwa. Mama wa mboga amechonga kijiti chenye alama mbili, amekifunga kwenye karia. Hahitaji rula tena, na sasa wengine wanachonga vya kwao.

Aprili katikati: mzigo umekaa wapi

Wiki hii nimetumia muda mwingi kwenye karia kuliko kwenye magurudumu, na sijutii. Nilimwomba kijana mmoja wa mpunga asimame na gunia lake kama anavyolipakia siku zote. Karia yake imerefushwa nyuma, na gunia linakaa nyuma ya ekseli. Akiachia usukani, gurudumu la mbele linataka kunyanyuka. Maana yake ni kwamba gurudumu la nyuma linabeba gunia lote na zaidi, kwa sababu uzito ulio nyuma ya ekseli unainyanyua mbele na kuushusha uzito wa mbele nyuma. Unalibebesha gurudumu lile mzigo ambao haupo kwenye gunia.

Mchomeleaji jirani yangu alikata karia na kuisogeza mbele, na vyuma vya kuegemea vikaongezwa kushuka mpaka kwenye ekseli. Gunia sasa linagusa mgongo wa tandiko, katikati ya uzito wake kumepita mbele ya ekseli kidogo. Kijana amelalamika kwamba tandiko linambana. Nimemsikiliza, tumelisogeza mbele kadiri reli zake zilivyoruhusu. Lakini karia hairudi nyuma.

Kuhusu uendeshaji, ninachowaambia wote ni kuinuka. Ukiliona shimo na huwezi kulikwepa, acha kukanyaga, weka pedali mbili usawa mmoja, nyanyua makalio kwenye tandiko na ulegeze viwiko. Mwili wako hautagonga kwa mkupuo mmoja na gunia. Na kwenye kalavati lile, shuka ukokote. Sioni aibu yoyote kukokota.

Aprili, siku chache baadaye: rimu za alumini

Tulijaribu rimu za alumini kwenye baiskeli mbili za inchi 26. Nilizitaka kwa ajili ya breki. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa haishiki, mpira wa breki unateleza juu yake, na tuna mwenzetu mmoja anayeshuka na ndizi kutoka Uru. Kushuka mteremko ule kwenye mvua na rimu za kromu ni jambo linaloninyima raha. Alumini inashika vizuri zaidi kwenye maji, hilo limethibitika kwa wote wawili.

Nyuma, hata hivyo, chini ya majani mabichi, moja imeanza kupasuka. Mistari midogo imetoka kwenye matundu ya spoki, upande wa friwili, na ukiitazama kwa karibu alumini imevutwa juu kuzunguka nati. Rimu ya chuma ingebonyea na kunyooshwa. Alumini ikipasuka imekwisha, hakuna nyundo itakayoirudisha. Uamuzi: alumini mbele, ambako breki ina kazi kubwa na mzigo ni mdogo, chuma nyuma. Na anayetoka Uru nimembadilishia mipira ya breki yote minne, hata iliyokuwa bado.

Aprili mwishoni

Barua kuhusu kalavati imepita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wakati inasubiri, wanakikundi wamejaza mdomo wake wenyewe. Mara ya kwanza walimwaga moramu, ikaondoka na maji usiku. Safari hii wamepanga mawe makubwa chini, madogo juu, moramu mwisho ikashindiliwa kwa gogo, na kando wamechimba mfereji wa kuyatoa maji yasipite juu. Imekaa.

Mei: matope

Udongo mweusi wa huku chini ukilowa unashikamana na tairi, unapanda kwenye madigadi, unajaza, na gurudumu linagoma kuzunguka. Mtu anasukuma kwa hasira, na hapo spoki zinasokotwa vibaya kuliko shimoni. Wengi wameng'oa madigadi ya nyuma kwa muda, nimewaunga mkono. Wenye breki za vyuma wawe na kijiti cha kukwangua.

Kuna adui mwingine anayeingia kimya, nao ni mchanga kwenye habu. Baiskeli ikivuka maji yanayofika katikati ya gurudumu, maji yanaingia kwenye gololi, grisi inakuwa maziwa, na mchanga unasaga koni, zile nati za ekseli zinazozibana gololi. Koni ikiliwa, gurudumu zima linacheza kwenye ekseli, na mtu atasema spoki zimelegea. Shika tairi kwa juu, litikise kushoto na kulia. Likigonga "tok, tok" pale kwenye ekseli, usikaze spoki yoyote, fungua habu. Kwa habu za kawaida nyuma ni gololi 9 za robo inchi kila upande, mbele ni 10 za 3/16 kila upande. Nimekuta nyingine zina 7, mbili zilipotea kwa fundi fulani akafunga hivyo hivyo. Gololi zikipungua zinasogeleana upande mmoja na kuichimba bakuli. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na za zamani, maana kubwa kidogo ndiyo itakayobeba kila kitu.

Ekseli ya Meku ilikuwa imepinda. Niligundua nilipoizungusha kwenye kioo cha meza. Mpya imeingia.

Mei mwishoni: mvua zinakatika

Sasa niandike hesabu ya spoki bila kupamba. Magurudumu ya nyuma yaliyopata spoki mpya zote na washa hayajakatika hata spoki moja. Yaliyokazwa tu, spoki zikiwa zile zile za zamani, yamekatika chache, na zilizokatika ni za zamani, shingoni. Hilo linaniambia kwamba spoki iliyoishi legelege mwaka mzima ina ufa ndani yake tayari, hata ukiikaza vizuri leo. Ufa hauponi. Kwa hiyo kuanzia sasa, gurudumu likinifikia na zaidi ya spoki mbili za upande mmoja zimekatika, upande wote unatoka. Nitamweleza mwenye baiskeli kwa utulivu na kumwonyesha shingo zilizokatika, aone mwenyewe rangi mbili: sehemu nyeusi iliyopasuka zamani, na sehemu inayong'aa iliyokatika juzi. Mtu akiiona hiyo hahitaji kushawishiwa.

Rimu za kutupa kwa masika yote hazikufika rundo. Ni ile ya alumini iliyopasuka na ya chuma moja ambayo mwenyewe aligongwa na bodaboda, jambo ambalo spoki hazina kinga nalo. Yeye ni mzima, tunashukuru Mungu.

Juni: kiangazi na nyayo za ng'ombe

Wengi wanadhani kazi imeisha. Ardhi ya huku ikikauka inapasuka nyufa za kuingia tairi, na nyayo za ng'ombe zilizozama kwenye matope ya Mei zinakauka zikiwa ngumu kama zilivyo, mstari mzima kando ya mfereji. Ni vishindo vidogo visivyokwisha, kilomita baada ya kilomita. Hakuna hata kimoja kinachopinda rimu. Vinalegeza nati.

Kwa hiyo tunarudia kukaza, baiskeli zote, kabla ya mavuno. Kijana wangu ndiye atakayekaza safari hii, nami nitashika chaki. Wanakikundi watatu, akiwamo mama wa mboga, watafundishwa kuzipiga spoki kwa ukucha na kusikiliza iliyoshuka, na kila njia itakuwa na mtu mwenye spana. Nimewaonya juu ya jambo moja: wao waweke alama ya chaki na kukaza robo mzunguko iliyolegea kabisa, mengine walete. Mangi ameshaagiza boksi la pili la geji 13.

Tunaanza Jumamosi na za majani ya ng'ombe, kwa kuwa ndizo zinazopita kando ya mfereji kila siku. Kila mmoja alete gurudumu la nyuma likiwa limeoshwa, pamoja na kijiti chake cha kupimia upepo.